Kliniki, mhudumu wa mtaa, kikundi au simu: mama mpya ajifunzie wapi?

Mwanamke mwenye mimba ya kwanza hakosi washauri. Muuguzi anamwambia hili, jirani lile, kundi la WhatsApp limeshatuma picha tatu kabla hajanywa chai, na mama mkwe yuko njiani na basi. Kinachomtatiza ni nani ampe muda wake na nani amsadiki, maana hawezi kuhudhuria kila kikao, na miguu imeanza kuvimba.

Nimezikusanya hapa njia nne ambazo mama wa kawaida, Tanzania au Kenya, anaweza kuzipata bila kuwa na fedha nyingi: somo la kliniki, mhudumu wa afya anayepita majumbani, kikundi cha akina mama, na simu. Mama mzazi, bibi, shangazi na somo (kungwi) sikuwaingiza. Hao huwachagui. Wanakuja na pilipili manga zao, wanakukanda maji ya moto, wanakufunga tumbo kwa kanga, na wanabaki mpaka arobaini iishe. Swali ni njia ipi kati ya hizi nne itaishi nao vizuri nyumba moja.

Nimezipima kwa mambo matano: usahihi wa mafunzo, wakati yanapofika, pesa na muda unaotoka, siri, na la tano ambalo kwangu ndilo zito: je, mafunzo hayo yanamfikia mwenye kauli nyumbani? Mama anaweza kujua vizuri kwamba mtoto hapewi maji wala kitu kingine chochote ila maziwa ya mama hadi atimize miezi 6. Lakini mama mkwe akisema, "Kwa joto hili la Tanga, mwanangu, mtoto atakauka koo," kijiko cha maji kitaingia kinywani. Ujuzi mama huyo alikuwa nao. Kauli ndiyo hakuwa nayo.

Njia zenyewe

Kliniki ni ile ya wajawazito na watoto kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali, pamoja na somo la asubuhi linalotolewa akina mama wakiwa kwenye mabenchi wakisubiri kupimwa.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni mtu wa mtaani kwenu aliyefunzwa kutembelea kaya. Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hawa Januari 2024, kwa lengo la kuwa nao zaidi ya 137,000 nchi nzima. Kenya, Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 na vifaa vyao, kila mmoja akiangalia kaya kama 100.

Kikundi kina sura nyingi. Kuna kile kinachosimamiwa kitaalamu, kama Chamas for Change, kilichoanza mwaka 2012 magharibi mwa Kenya chini ya AMPATH, ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi ya Eldoret na vyuo vya Marekani. Wajawazito na wenye watoto wachanga wanakutana mara mbili kwa mwezi, mhudumu wa jamii anaongoza somo, wanajadiliana, na anayetaka anaweka akiba. Kuna kliniki ya kikundi, utaratibu ulioanzishwa Marekani na mkunga Sharon Schindler Rising miaka ya 1990 na kujaribiwa baadaye Rwanda na Kenya, ambapo wajawazito wenye mimba za umri unaokaribiana hupimwa na kufundishwa pamoja. Na kuna vya kwetu vya siku zote: kikoba, kikundi cha msikitini, jumuiya ya kanisa, upatu wa wanawake watano ambao siku hizi wote wana vitoto na hawazungumzi kingine.

Simu nayo si kitu kimoja. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2012, iliwafundisha watu kutuma neno MTOTO kwenda namba 15001 na kupokea ujumbe bure kulingana na umri wa mimba au wa mtoto. Huduma za namna hii hubadilika, kwa hiyo muulize muuguzi namba ya sasa. Kenya kuna PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health, ambayo mama anaweza pia kuiuliza swali kwa ujumbe mfupi akajibiwa. Tanzania kuna namba 199 ya Wizara ya Afya, unapiga bure. Halafu kuna WhatsApp na TikTok, ambazo ni soko lenye kila aina ya mchuuzi.

Usahihi

Hapa kliniki inaongoza. Anayefundisha amesomea, ana kadi yako mkononi, na akisema shinikizo la damu yako limepanda ni kwa sababu amelipima. Udhaifu wake ni jinsi inavyofundisha. Somo ni moja kwa benchi zima, mwenye mimba ya kwanza na mwenye ya sita, aliyekuja na wiki 12 na anayekaribia kujifungua. Maswali ni machache kwa sababu kila mmoja anaogopa kumchelewesha mwenzake, na ukiingia chumbani kwa muuguzi, foleni ya nje inamsukuma naye.

Mhudumu wa jamii anajua machache kuliko mkunga, ila anatakiwa kuyajua vizuri: dalili za hatari, unyonyeshaji, chanjo, usafi, na lini akwambie nenda kituoni sasa hivi. Kuna jaribio rahisi. Mwombe akutajie dalili za hatari za mjamzito. Akitaja kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, homa, mtoto kuacha kucheza, na chupa kupasuka kabla ya wakati, huyo ni mtu wa kumsikiliza. Kwa mtoto mchanga: kushindwa kunyonya, kupumua kwa haraka, degedege, mwili kuwa wa moto au wa baridi kupita kiasi, kitovu kutoa usaha. Akisitasita, endelea kumkaribisha, lakini maswali makubwa yapeleke kliniki. Kiongozi wa kikundi naye mpe mtihani huohuo.

Kikundi kisicho na mtu aliyefunzwa kinazalisha hekima na uzushi kwa pamoja. Mwanamke wa mtoto wa tatu anaweza kukuonyesha namna ya kumweka mtoto titini ukaelewa kwa dakika moja jambo ambalo picha ya ukutani haikulifafanua. Huyohuyo, kwa sauti ileile ya uhakika, atakwambia kitovu kisimwangukie mtoto wa kiume kwenye uume eti atakosa nguvu ukubwani, au dang'a ni chafu ikamuliwe na kumwagwa. Ukweli ni kwamba dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo, ndiyo yenye kinga nyingi ambazo mtoto huyo anazihitaji.

Ujumbe wa simu wa wizara au wa shirika linalofahamika huwa umehakikiwa. Makundi ya WhatsApp hayana mhariri, na anayekushauri kuhusu chango la mtoto mara nyingi ndiye anayeuza dawa ya chango.

Unafika lini

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito akutane na mtoa huduma angalau mara 8. Hiyo ni kabla ya kujifungua. Baada ya hapo, mwongozo wake wa 2022 unataka mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Ukizipanga siku hizo utaona shimo: kati ya wiki ya pili na ya sita, mwongozo huo hauna miadi na wewe.

Na hicho ndicho kipindi kibaya. Mtoto analia jioni nzima bila sababu, chuchu zimechanika, titi limejaa likawa gumu, na mtu anasema maziwa hayatoshi, mtafutieni ya ng'ombe. Wazee wetu waliliona shimo hilo kabla ya miongozo yote, wakaweka arobaini, ambayo inamalizika siku mbili tu kabla ya wiki ya sita. Anayelala na mama kwenye hizo siku ndiye anayeamua mtoto ale nini. Mpaka chanjo za wiki 6, 10 na 14 zikurudishe kliniki, mengi yameshaamuliwa nyumbani.

Mhudumu wa jamii ndiye anayeweza kuliziba shimo hilo, kama anapita. Sisemi "kama" kwa kejeli. Mtu mwenye kaya 100 hafiki kwako kila wiki, na pengine hajui kwamba umejifungua kama hukumtumia taarifa. Mpe namba yako ukiwa bado na mimba. Kikundi kinakutana kwa ratiba yake, na mama aliye ndani ya arobaini hatoki, kwa hiyo kitakufaa ikiwa wanachama wana desturi ya kumfuata mzazi nyumbani. Vikundi vingi vya pwani vinayo, na ni hazina kuliko somo lenyewe. Saa nane za usiku inabaki simu. Inajibu haraka, ila haiwezi kumshika mtoto ikaona anavyonyonya.

Pesa na muda

Huduma ya kliniki kwa mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano haina malipo kwenye vituo vya serikali Tanzania kwa mujibu wa sera, ingawa nauli, daftari na siku nzima ya kazi iliyopotea havimo kwenye sera. Kenya, uzazi wa bure ulitangazwa 2013, ukawa mpango wa Linda Mama 2016, na tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ya NHIF imepisha SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya. Kwa msomaji wa Kenya neno langu ni moja: hakikisha umesajiliwa mapema, usingoje uchungu.

Mhudumu wa jamii hatozwi. Akikudai hela ya kukutembelea, mwulize mwenyekiti wa mtaa au chifu. Ujumbe mfupi wa huduma za umma ni bure, WhatsApp inakula bando.

Kikundi ndicho chenye hesabu ngumu. Kuna hisa, mfuko wa jamii, faini ya kuchelewa, sare ya sherehe. Kwa upande mwingine, njia nyingine tatu hazitakukopesha nauli ya kwenda hospitali. Kwa mama anayeuza maandazi, akiba ya kikundi inaweza kuwa tofauti ya kujifungulia kituoni au njiani. Tanzania kuna pia m-mama, usafiri wa dharura wa mjamzito na mtoto mchanga kwa kupiga 115 bure, ambao hutumia hata madereva wa kijijini pale gari la wagonjwa linapokosekana. Andika namba hiyo ukutani, popote unapojifunzia.

Siri

Kliniki ina chumba chenye mlango. Mhudumu wa jamii anatakiwa kutunza siri, lakini ni jirani, anachota maji bomba moja na wifi yako. Kikundi kinajua mengi, na kinayasema. Simu ni ya siri mpaka uwe unatumia simu ya mumeo, au mtoto mkubwa anaichezea.

Jambo hili linawagusa zaidi akina mama wanaoishi na VVU. Kwao kuna njia iliyofanya kazi kwa miaka mingi: mama aliyepitia hali hiyohiyo na mtoto wake akazaliwa bila maambukizi anapewa mafunzo na kuajiriwa kuwashauri wenzake palepale kliniki. Shirika la mothers2mothers lilianza hivyo Cape Town mwaka 2001, na mtindo huo umesambaa hadi Afrika Mashariki. Uliza kituoni kwako kama yupo. Ukimpata umepata faida za kikundi bila kelele zake.

Mwenye kauli nyumbani

Serikali zetu zimejitahidi kumleta baba kliniki, hasa siku ya kwanza ya kupima VVU kwa pamoja. Nia ni njema. Namna inavyotekelezwa mahali pengine si njema: mwanamke asiye na mwenza anaambiwa akachukue barua ya serikali ya mtaa kueleza baba yuko wapi. Baba mwenyewe akifika anakuta chumba hakikumpangia kiti. Na akitaka kubaki nyumbani kujifunza kulea, sheria ya kazi ya Tanzania inampa siku 3 za likizo ya uzazi, ya Kenya wiki 2.

Mama mkwe kliniki haendi kabisa. Hapo ndipo mhudumu wa jamii anapowazidi wengine wote. Anakuja sebuleni, anakaa mkekani, anaamkia shikamoo, anakunywa uji aliopikiwa mzazi. Akisema maji ya mtoto yasubiri, anamwambia mwenye sufuria. Mhudumu mwenye busara haanzi kwa kumkosoa mzee. Anasifu mtori, supu na kumkanda mama, vitu ambavyo mama akipata anapona vizuri mradi maji yasimuunguze, halafu ndipo anaomba jambo moja libadilishwe. Nimeona somo likikubaliwa namna hiyo ambalo kijana mwenye kitabu asingelifikisha mlangoni.

Ujumbe wa simu una nafasi hapa watu wasiyoitumia. Wazazi Nipendeni ilimruhusu baba au ndugu kujisajili naye apokee ujumbe wake. Mume anayesoma mwenyewe kwamba kichwa kuuma sana na maluweluwe ni dharura, hasubiri kubembelezwa atafute bodaboda. Kikundi kinamsaidia mama kwa njia ya pembeni: hakimfikii mume wala mama mkwe, ila kinamrudisha mama nyumbani akiwa na maneno ya kuwaambia, na akijua wenzake kumi wamekataa kitu hichohicho wakaishi.

Inamfaa nani

Kliniki inamfaa kila mjamzito kwa vipimo. Kwa mafunzo inamfaa zaidi mwenye ujasiri wa kuuliza na mwenye historia ya matatizo, kama upasuaji wa awali, kisukari, au mtoto njiti. Nalisema hili wazi kwa sababu nimesikia watu wakiacha kliniki eti wanapata kila kitu kwenye simu. Simu haipimi damu.

Mhudumu anamfaa anayeishi na wakwe, aliye mbali na kituo, na msichana mdogo anayeona aibu kukaa benchi moja na mama zake. Kikundi kinamfaa aliyehamia mjini peke yake, na mama ambaye huzuni imemkalia baada ya kujifungua, ingawa huzuni ikizidi wiki mbili au akiwaza kujidhuru, huyo anahitaji mtaalamu na siyo kikao. Simu inamfaa mfanyakazi asiyepata ruhusa, na baba aliye safarini.

Kwa hali yako

Ikiwa ni mimba ya kwanza na unakaa kwa wakwe, anza na mhudumu wa jamii, na umwombe aje kabla ya wiki ya 36, mzee akiwepo. Kliniki nenda kwa miadi yote, lakini maswali yako yaandike nyuma ya daftari ili zile dakika tano zikutoshe.

Ikiwa umepanga chumba Dar es Salaam au Nairobi na ndugu wako mkoani au kaunti nyingine, tafuta kikundi sasa, mimba ikiwa changa, maana ukishajifungua hutakuwa na nguvu ya kujitambulisha kwa watu wapya. Uliza kliniki kama wana kliniki ya kikundi. Kama hawana, jumuiya ya kanisa au darasa la wanawake la msikitini linatosha kuanzia, mradi mmoja wenu ni muuguzi au mhudumu aliyefunzwa. Hisa weka kidogo mpaka uone daftari lao linavyotunzwa.

Ikiwa umeajiriwa, jisajili kwenye ujumbe wa simu wewe na mwenzako, kisha uombe haki zako mapema. Tanzania likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 ukipata mapacha, na ukirudi sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kenya ni miezi 3. Wiki ya mwisho ya likizo itumie kwa mtu wa kukuonyesha kwa mikono namna ya kukamua na kuhifadhi maziwa, mhudumu au mwanakikundi mzoefu, na dada wa nyumbani awepo, kwa kuwa yeye ndiye atakayemnywesha kwa kikombe.

Ikiwa uko kijijini na kituo kiko mbali, mhudumu na akiba ya kikundi vinakwenda pamoja, na 115 iwe kichwani mwa kila mtu wa nyumba kwa upande wa Tanzania. Ikiwa siri ndiyo hofu yako, kaa na kliniki na yule mama mshauri wa palepale.

Na ikiwa mama yako mzazi ndiye atakayekaa nawe arobaini nzima, mpeleke mara moja kliniki ukiwa na mimba ya miezi minane. Mwombe muuguzi aongee naye, usiongee wewe.